Benki Kuu Isingoje Sheria Ndipo Ifungue Macho

Msikilizaji, kila teknolojia mpya ya fedha inapowaumiza watu, wasimamizi wa sekta hiyo huwa na jibu lililo tayari: sheria haikutupa mamlaka. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, na kwa sababu hiyo tumezoea kulipokea bila kulihoji. Lakini ukifuatilia mwenendo wa Benki Kuu ya Kenya kwa karibu miaka 20 iliyopita, utaona kwamba upungufu wa sheria haukuizuia pale ilipoamua kuangalia mapema. Wananchi waliumia ilipotosheka na kuuliza kama kampuni fulani ni benki au si benki, ikaacha kuuliza kampuni hiyo inafanya nini na pesa za watu na siri zao.

Tuanze na Machi 2007, ilipofunguliwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom. Kenya haikuwa na sheria ya mifumo ya malipo. Hiyo ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Sheria ya Benki ilihusu wanaopokea amana na kuzikopesha, na kampuni ya simu haikuwamo. Benki Kuu ingeweza kukataa, au kukaa kimya na kusubiri. Haikufanya lolote kati ya hayo. Iliuliza swali ambalo hata mwenye kibanda sokoni angeliuliza: pesa hizi zitalala wapi? Kisha ikaweka masharti. Kila shilingi inayoonekana kwenye simu iwe na shilingi yake benki, katika akaunti inayoshikwa na wadhamini, na Safaricom isiikopeshe wala kuitumia katika shughuli zake. Baada ya hapo ndipo ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Fikiria maana yake kwa muuza mboga anayeweka shilingi 500 kwa wakala. Wakala amekwisha kununua salio lake kwa pesa zilizoingia benki, hivyo kinachohama pale kibandani ni haki ya kudai pesa ambazo tayari zimehifadhiwa. Hata kampuni ingeyumba, wanaoidai wasingekuwa na njia rahisi ya kuzigusa 500 zile.

Masharti hayo yalipimwa mapema. Desemba 2008, wakati mabenki yakiilalamikia M-Pesa, John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, aliagiza huduma hiyo ichunguzwe. Januari 2009 serikali na Benki Kuu zikatangaza kwamba iko salama. Zilikuwa na la kusema kwa sababu palikuwa na hesabu za kukagua na masharti ya kulinganisha nayo.

Sasa tazama upande wa mikopo. Kuanzia mwaka 2014 programu za mikopo za simu zilianza kuenea, nyingi zikiendeshwa na kampuni zilizokopesha mtaji wao wenyewe. Kwa kuwa hazikupokea amana, Sheria ya Benki haikuzigusa, wala ile ya mikopo midogo. Safari hii Benki Kuu ilisoma mpaka wa sheria na kuishia hapo. Nalo Bunge lilipotaka kumwokoa mkopaji, mwaka 2016, lilimshika yule aliyekuwa karibu. Riba za benki ziliwekewa kikomo cha alama 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, yaani karibu asilimia 14 kwa mwaka. Mkopo wa simu wa M-Shwari, ambao ulitolewa na benki kamili, uliendelea kutozwa asilimia 7.5 kwa mwezi kwa kuwa tozo hiyo ilihesabiwa kuwa ada. Programu zisizo za benki hazikuhusika kabisa. Mwaka 2018 Benki Kuu yenyewe ilieleza kwamba kikomo hicho kilizifanya benki zipunguze mikopo kwa wafanyabiashara wadogo. Mtu aliyefungiwa mlango wa benki alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu hakukuwa na msimamizi. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma jumbe zako na orodha ya namba zako, unabonyeza kukubali kwa sababu mtoto ana homa na duka la dawa halikopeshi. Unapata shilingi 1,500. Ukichelewa, simu inapigwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mwenye nyumba, kwa mtu mliyefanya naye kazi zamani. Jina lako linapelekwa CRB, yaani kwenye ofisi za kumbukumbu za wakopaji, kwa deni la mamia ya shilingi, na ukienda kutafuta mkopo wa maana unaambiwa rekodi yako ni mbaya. Mtu aliaibishwa mbele ya watu ambao maoni yao ndiyo yaliyokuwa dhamana yake ya pekee, na hakukuwa na ofisi ya fedha ya kumpokea akilalamika.

Linalonikera zaidi ni kwamba wengine walitangulia kuchukua hatua. Mwaka 2019 Google ilikataza katika duka lake programu za mikopo inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60. Kampuni ya kigeni ikawa imeweka sharti kwa wakopeshaji wa Nairobi kabla ya msimamizi wa Kenya. Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondoa wakopeshaji wasiosimamiwa katika mfumo wa CRB, ikazuia watu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Hatua hiyo iliwezekana bila sheria mpya ya mikopo ya simu, na ingewezekana mapema zaidi. Sheria yenyewe ilitiwa saini Desemba 2021, na kanuni zikatoka Machi 2022 zikipiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji.

Wapo wanaosema msimamizi akiingia mapema ataua ubunifu. Mfano wao mkubwa wa ubunifu ni M-Pesa yenyewe, na M-Pesa iliwekewa masharti kabla haijafunguliwa kwa umma. Wengine wanasema mkopaji ni mtu mzima, alikubali mwenyewe. Sawa, lakini mama mkwe wake hakukubali chochote. Ndiyo maana Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kutumia namba za watu zilizochotwa katika simu za wengine. Hoja nzito kuliko zote ni ya uwezo: Benki Kuu haina watumishi wa kukagua mamia ya kampuni. Ni kweli. Kufikia Septemba 2022 yalikuwa yamepokelewa maombi 288, na leseni zilizotolewa zilikuwa 10. Lakini foleni hiyo ilirefuka kwa sababu mlango ulifunguliwa miaka saba au minane baada ya biashara kuanza. Wangeanza na kampuni tano, wakajifunza nazo, kazi isingewalemea namna hii.

Tanzania nayo imepitia njia inayofanana. Watu mtaani walikuwa wamekwisha kuipa mikopo hiyo jina la kausha damu muda mrefu kabla ya Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokopesha bila leseni. Malalamiko yalisikika kwenye daladala na vijiweni kabla hayajafika kwenye ripoti. Msimamizi anayetaka kuona hatari ikiwa changa anapaswa kuwa na watu wa kusikiliza huko, na kuyapokea malalamiko hayo kama ushahidi wa kazi.

Nasema haya leo kwa sababu jambo jingine limeshaanza. Uamuzi wa nani apewe mkopo, kiasi gani na kwa ada ipi unazidi kuachiwa mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na jumbe, miamala na mienendo ya mtu. Anayekataliwa haambiwi sababu, na pengine hata aliyeununua mfumo huo hawezi kuieleza. Kenya haihitaji kusubiri miaka saba mingine. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale unapomwathiri kwa uzito. Wenye leseni wanajulikana, na Benki Kuu ina anwani zao. Iwaandikie barua, kama ilivyoandika ile ya 2007, iwatake waeleze mashine zao zinasoma nini katika simu ya mteja, na wampe kila wanayemkataa sababu kwa lugha anayoielewa.