Hema la Jamaa kwa Mshahara wa Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Same)



Nimeagizwa niseme habari za hema: jinsi mtu mwenye mke na watoto, na mshahara unaojulikana mwisho wake, awezavyo kununua hema la kulala wakati wa likizo pasipo kujitia katika deni. Najua wako watakaocheka, wakisema kwamba hema ni jambo la wageni. Walakini sisi tukaao Same tumewekwa mahali pema sana. Lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi li karibu na mji, na juu yetu uko msitu wa Chome pamoja na kilele cha Shengena, mita 2,462, kilicho kirefu kuliko vilele vyote vya Upare. Wageni huvuka bahari kuja kuviona. Watoto wetu wengi huviona vitabuni tu, kwa kuwa kulipia vyumba vya watu sita kwa siku nne ni mzigo, bali hema hununuliwa mara moja.

Zamani za wapagazi, hema la safari lilikuwa la turubai nzito, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa kama ratili 60. Leo mpagazi ni baba mwenyewe. Kwa hiyo turubai la pamba, ingawa ni imara na huvumilia jua, lamfaa mwenye gari. Apandaye mlima kwa miguu na achague kitambaa cha poliesta.

Sasa ukubwa. Hesabu iliyoandikwa juu ya mfuko wa hema ni hesabu ya watu waliolala bega kwa bega, bila sanduku wala viatu. Hema la wanne lawatosha watu wazima wawili na mtoto mmoja, au wawili wakiwa wadogo. Hapo mwenye jamaa ya watu sita hushawishika kununua hema moja kubwa mno. Mimi nasema, kama watoto wamekwisha kuwa wakubwa, anunue mawili madogo. Kwanza ni heshima: katika nyumba zetu vijana wa kiume hawalali chumba kimoja na wazazi wao, wala na dada zao waliokua, na sioni kwa nini adabu hiyo iachwe nyumbani kwa sababu ya safari. Tena upepo wa Same sina haja ya kuwasimulia. Hema refu lenye kuta pana hushikwa na upepo kama tanga la jahazi, na lile fupi upepo hupita juu yake. Tena huko mlimani mahali tambarare ni padogo, na pengine utapata nafasi ya hema dogo hapa, na ya jingine hatua kumi mbele. Ni kweli kwamba mawili huweza kuzidi bei ya moja kubwa la namna ile ile. Basi anunue moja mwaka huu na la pili mwaka ujao, na kwanza aende na nusu ya jamaa. Mwenye watoto wachanga tu, shauri hili halimhusu, moja lamtosha.

Katika kitambaa, tazameni hesabu ya milimita. Maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa huweza kukichukua kabla hayajapenya. Milimita 1,500 huhesabiwa kuwa mwanzo wa kuzuia mvua. Kwa sakafu takeni 3,000 au zaidi, kwa kuwa magoti na viwiko huyasukuma maji yaingie. Mishono iwe imezibwa kwa utepe kwa ndani. Paa la nje lishuke karibu na ardhi, na liwe mbali na kitambaa cha ndani, kwa maana katika baridi pumzi za waliolala hugeuka matone, na wengi hudhani hema linavuja. Dawa yake ni kuacha matundu ya hewa wazi. Nguzo za alumini hushinda za faibaglasi, lakini ni ghali; mwenye fedha chache na achukue za faibaglasi pamoja na kipande kimoja cha akiba.

Madirisha mengi, vyumba vya pazia, mifuko ya taa: hayo yote ni mapambo. Msiyalipie.

Neno ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: msiimalize fedha yote katika hema. Hema huzuia mvua na upepo, halileti joto. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kama digrii 6, na kutoka mji huu hadi Shengena tofauti yazidi mita 1,500. Baridi hutoka hata chini, ardhini. Blanketi juu bila godoro la sponji au mkeka mnene chini ni kazi bure. Jamaa iliyonunua hema zuri ikakosa matandiko itaingiza jiko la makaa ndani ili watoto wapate joto. Mabwana, moshi wa makaa ukiisha kuonekana, sumu haijaisha. Haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Jiko lisiingie hemani hata kidogo, hata likiwa limefifia, hata mlango ukiwa wazi.

Huko Mkomazi tahadhari ni nyingine: chakula kisilale hemani pamoja na watu, na hema lisimamishwe pale tu palipoonyeshwa na askari wa hifadhi. Jua la nyikani nalo hula poliesta. Likunjeni mchana kama hamlitumii.

Hema la mitumba si aibu. Lakini lifunguliwe lote mbele ya muuzaji, zipu zijaribiwe, vigingi vihesabiwe, na kitambaa kinuswe. Lenye harufu ya ukungu liachwe. Na hata likiwa jipya, lisimamishe uani kwako kwanza, ulimwagie ndoo tatu za maji penye mishono, kisha uingie na taa. Likauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Mwisho, Bwana Rais, naomba mkutano ufikirie kama chama kinaweza kununua mahema mawili ya watu watatu, wanachama wayaazime kwa zamu, kwa ada ndogo ya matengenezo. Wenye kukubali waandike majina kwa Bwana Katibu kabla ya masika kwisha.