Mtoto Akibadilika, Tusingoje Azoee

Hotuba ya Afisa Ustawi wa Jamii katika mkutano wa wazazi na walezi wa kata



Naomba nianze kwa kukiri kosa. Bibi mmoja alifika ofisini kwangu na mjukuu wake wa miaka 12. Tangu kufiwa na baba yake, mtoto huyo alikuwa akikojoa kitandani, akiacha chakula na kusinzia darasani. Shuleni aliitwa mvivu, nyumbani alichapwa. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia bibi, “Atazoea.”

Miezi miwili baadaye alirudi na daftari. Jirani alikuwa amemwandikia siku ambazo mtoto alikesha, siku alizokataa kula, na siku aliyosema kwamba angependa kumfuata baba yake. Hatukungoja kesho, tulimpeleka hospitali. Aligundulika kuwa na sonona. Leo yuko shuleni na anaendelea na kliniki. Zipo siku ambazo bado huzuni humlemea, lakini haibebi tena peke yake.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hao ni watoto wa nyumba zetu. Si utukutu, wala si aibu ya ukoo.

Ukiona mtoto amebadilika kwa wiki mbili au zaidi, akijitenga, akikosa usingizi, akiwa na hofu au hasira zisizo kawaida yake, keti naye faraghani umsikilize. Andika unayoyaona. Muulize mwalimu wake. Kisha nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Apimwe na mwili pia, kwa kuwa maradhi kama kifafa au upungufu wa damu huweza kubadili mwenendo. Ikibidi, mtapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko hadi hospitali kubwa kama Mirembe, Dodoma.

Anayetaka kuombewa aombewe, lakini dua na kliniki havigombani.

Ikiwa mtoto amedhulumiwa au mnahitaji ushauri, njooni Ustawi wa Jamii, au pigeni Simu ya Mtoto, namba 116, bila malipo.

Mtoto akitaja kufa au kujidhuru, msimwache peke yake. Ondoeni viuatilifu, dawa na vitu vyenye ncha kali, mkampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Na mkifika ofisini mkaambiwa “atazoea”, hata kama ni mimi niliyesema, msiondoke. Fungueni daftari, msome.