Gegedu ya Goti na Tiba ya Chembe za Mwili

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad. Ama baad.

Ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake: mwenye kutimiza rakaa 17 za faradhi kila siku husujudu mara 34, na kila sijida hulikunja goti. Kwa hiyo maradhi ya goti humgusa mtu mpaka katika ibada yake.

Ndani ya goti ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kitu kilaini chenye kuteleza. Mfupa ukivunjika huunga, kwa kuwa una damu. Gegedu haina mishipa ya damu. Ikiharibika hairudi kama ilivyokuwa. Tabibu William Hunter aliliandika jambo hilo tangu mwaka 1743.

Mwaka 1994 matabibu wa mji wa Gothenburg, nchi ya Sweden, Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao, walitangaza njia mpya. Hukatwa kipande kidogo cha gegedu nzima katika goti la mgonjwa mwenyewe. Chembe hai zake hulelewa nje ya mwili majuma mawili au matatu hata zizidi. Kisha goti hufunguliwa tena, zikatiwa penye kidonda. Katika wagonjwa 16 walioumia ncha ya mfupa wa paja, 14 walipata nafuu njema. Lakini katika 7 walioumia nyuma ya kifuu cha goti, waliofanikiwa ni 2 tu.

Basi tiba hiyo ni kweli, na ina mipaka. Yafaa kidonda cha mahali pamoja, kilichozungukwa na gegedu nzima. Haikukusudiwa goti lililochakaa lote kwa uzee. Wako wauzao sindano za chembe wakiahidi kurudisha ujana wa magoti ya wazee. Ahadi hiyo haijathibitika. Asiuze mtu shamba la wanawe kwa ajili yake kabla ya kumwuliza tabibu mwaminifu.

Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume. Na asiyeweza kusimama wala kusujudu, sheria imemruhusu kuswali ameketi, akaashiria kwa kichwa. Mzee asione haya kuketi kitini msikitini, wala kijana asimcheke; bali amwekee kiti hicho kwa mikono yake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu. Amin.