Gari Lililoachwa Katika Shamba la Mtu

Kusini mwa Bujumbura, Barabara ya Taifa Namba 3 hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac. Inapopita Muhuta, nchi hubanwa. Upande wa mashariki milima huinuka ghafla, upande wa magharibi ni maji, na katikati umebaki ukanda mwembamba ambao hauna budi kubeba barabara, nyumba, michikichi na mihogo. Katika ukanda wa namna hiyo, lori moja bovu likisukumwa kutoka barabarani na kuegeshwa katika shamba la mtu si jambo dogo. Dereva huahidi kurejea kesho pamoja na fundi. Kesho huwa mwezi, na mwezi huwa mwaka. Mwenye shamba hulazimika kulima kwa kulizunguka, huku majani yakipanda hadi madirishani.

Hatimaye mwenye shamba huenda kwenye kituo kilicho karibu. Hapo askari wa zamu huulizwa swali ambalo halimo katika gwaride wala katika doria: gari hili sasa ni la nani?

Jibu jepesi ni kwamba ni la aliye nalo. Wapo wanaolitoa jibu hilo, na mara linapotoka midomoni mwao betri hutoweka, kisha matairi, kisha injini. Lakini jibu hilo si sahihi. Kuegeshwa katika ardhi ya mtu hakuligeuzi gari kuwa mali ya mwenye ardhi, kama vile mbuzi aliyeingia shambani hawi mali ya mwenye shamba. Mwenye shamba anayo haki ya kurudishiwa ardhi yake, na haki hiyo ni kubwa katika nchi yenye uhaba wa mashamba kama Burundi. Bali haki ya kulichinjachinja gari hana. Na askari aliyeitwa kusuluhisha hana haki hata ya kuchukua taa moja.

Jambo linalopaswa kuchunguzwa kwanza ni sababu ya mwenye gari kutokuwepo. Mwezi Machi 1915 haukuwa na magari ya kuachwa Gitaza. Machi 2015 ulikuwa nayo mengi barabarani, pale mvua kubwa zilipoporomosha udongo na mawe katika tarafa ya Muhuta na kuikata barabara hiyo. Msafiri aliyezuiwa na maporomoko hakutelekeza kitu. Majuma machache baadaye yalikuja machafuko ya mwaka huo, na maelfu ya Warundi wakavuka kwenda Tanzania. Wengi walifikia Kagunga, kijiji cha ufuoni katika mkoa wa Kigoma, na meli kongwe ya Liemba ikawachukua kutoka hapo hadi mjini Kigoma. Mtu anayekimbilia kwenye mashua hawezi kupakia gari. Akiliacha uani kwa jirani, ameliweka amana, hata kama hakuna karatasi iliyoandikwa.

Watu wa Rumonge hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 wengi walikimbia, na mashamba yao yakapewa watu wengine kana kwamba hayakuwa na wenyewe. Waliporudi miaka mingi baadaye, waliwakuta wenzao wakiyalima, wengine kwa nia njema kabisa, wakiwa na karatasi za serikali mkononi. Tume iliyoundwa mwaka 2006 kushughulikia mashauri hayo iliitwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Hayo maneno mawili ya mwisho yafaa yakumbukwe na kila askari anayesimama mbele ya gari lisilo na dereva.

Basi ufanyike nini? Kabla gari halijaguswa, litazamwe kwa uangalifu, maana gari lililoachwa laweza kuwa la wizi, laweza kuwa ushahidi wa kosa, na mahali palipopitiwa na vita laweza kuficha kitu cha hatari zaidi. Palipo na shaka, watu wasogezwe mbali na wataalamu waitwe. Pasipo na shaka, iandikwe namba ya usajili, na zaidi ya hiyo namba ya chesisi. Kibati cha usajili hung'olewa kwa bisibisi. Namba ya chesisi imepigwa chapa katika chuma chenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kama Probox nyingi zinazoonekana katika njia hiyo, namba yake ni fupi kuliko ile ya tarakimu na herufi 17 iliyozoeleka duniani, na askari asiyelijua hilo huweza kudhani imefutwa. Kwa namba hiyo, Ofisi ya Mapato ya Burundi, inayosimamia forodha, yaweza kuulizwa gari liliingizwa kwa jina la nani.

Kisha ziandikwe taarifa za hali ya gari na vyote vilivyomo, mbele ya mwenye shamba na mkuu wa kilima, na wote watie saini. Abashingantahe wakiwepo ni bora zaidi, kwa kuwa kumbukumbu yao hudumu kuliko daftari la kituo, ambalo aghalabu huliwa na mchwa.

Kuhusu kuliondoa na kuliuza, Kenya ina mfano unaostahili kutazamwa. Huko ipo sheria ya bidhaa zisizochukuliwa na wenyewe, Sura ya 38, ambayo hutumiwa na wenye gereji na wenye maegesho. Tangazo huchapwa katika Gazeti Rasmi la Serikali likitaja namba ya gari, na mara nyingi mwenyewe hupewa siku 30 alipe gharama na kulichukua, la sivyo litapigwa mnada hadharani. Mwenye gereji hupata nafasi yake, naye mwenye gari hawezi kulalamika kwamba hakuitwa.

Limebaki neno gumu. Katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, ua wenyewe umejaa magari yaliyokamatwa miaka mingi iliyopita, yameota kutu, na kesi zake hakuna azikumbukaye. Oili na tindikali za betri huchuruzika ardhini. Na kandokando ya Tanganyika, kinachomwagika juu mvua hukipeleka ziwani, ambako watu huteka maji ya kunywa. Mkuu wa kituo mwenye ua wa namna hiyo atampa mkulima wa Muhuta amri gani? Heri aanze na daftari lake mwenyewe, gari baada ya gari, akiuliza kila moja liliingia lini, kwa kosa gani, na nani aliyelipwa ujumbe wa kuja kulichukua.