Kukizima Kikohozi: Dawa Isiyolevya na Usalama Wake



Dawa nitakayoizungumzia leo pengine wengi wenu hamjapata kuiona. Inaitwa benzonateti. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1958, hutolewa kwa cheti cha daktari, na haitoki katika ukoo wa kasumba uliozaa mofini na kodeini. Nimeileta Singida kwa sababu inaonyesha wazi kuliko nyingine kitu gani hutokea mwilini tunapokizima kikohozi.

Kikohozi hakianzii kooni tu. Ndani ya mirija ya hewa, kwenye mapafu na katika utando unaoyafunika, kuna miisho ya neva inayohisi mapafu yakitanuka au yakiwashwa na vumbi, moshi na makohozi. Habari hiyo hupanda kwa neva ya vagasi hadi kwenye shina la ubongo. Amri hushuka papo hapo: hewa ivutwe, koromeo lifungwe, misuli ya kifua na tumbo ikaze, kisha kila kitu kiachiliwe kwa ghafla. Hewa hutoka kwa kasi na kukomba kilichokuwamo.

Kodeini hufanyia kazi kule juu, kwenye ubongo. Dekstromethofani, iliyomo katika sirapu nyingi za madukani, nayo ni ya huko huko. Benzonateti hukaa chini, kwenye chanzo cha habari. Ni ndugu wa tetrakaini, mojawapo ya dawa za ganzi. Mgonjwa humeza kidonge, na baada ya dakika 15 hadi 20 ile miisho ya neva hufa ganzi. Ubongo hausikii tena malalamiko ya mapafu. Nafuu hudumu kati ya saa 3 na 8.

Naomba tukae hapa kidogo, maana nguvu ya dawa hii na hatari yake vinatoka mahali pamoja. Neva husafirisha habari kwa kufungua vijilango vinavyopitisha chembe za sodiamu, na dawa ya ganzi huviziba. Lakini vijilango vya namna hiyo vimo pia kwenye moyo na ndani ya ubongo. Kipimo kikizidi, ganzi haiishii kifuani: huja degedege, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo unaweza kusimama. Hakuna dawa ya kuitengua. Waganga huweza tu kumsaidia mgonjwa apumue na kuushikilia moyo hadi sumu ipungue. Hata kukitafuna kidonge kimoja badala ya kukimeza kizima kunaweza kutia ganzi mdomo na koo, mtu akapaliwa.

Sasa mfikirieni mtoto. Kidonge chenyewe ni laini, kinang'aa, na machoni pake ni pipi. Desemba 2010, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo vya watoto walio chini ya miaka 10 waliokimeza kwa bahati mbaya. Kwa walio chini ya miaka 2, kidonge kimoja au viwili vilitosha kuwadhuru vibaya. Dalili huweza kuanza ndani ya robo saa, muda ambao mama wa Mkalama au Itigi hata bodaboda hajaipata.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hofu yetu imeelekea upande mmoja. Nigeria ilipopiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa sirapu zenye kodeini mwaka 2018, uraibu ndio uliozungumzwa, na ilistahili. Lakini dawa isiyomteka mtu kwa uraibu bado inaweza kumuua. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu sirapu zilizohusishwa na vifo vya watoto 66 nchini Gambia. Ndani yake kulikutwa daiethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Ndiyo maana chupa isiyo na usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, haina nafasi nyumbani, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia gulioni.

Hatari nyingine ni ya kimyakimya zaidi, na kwa mkoa huu ndiyo inayonisumbua. Dhahabu ya Sekenke imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na leo wachimbaji wadogo wako Iramba, Ikungi na Manyoni. Anayesimama kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, bila kinga huvuta vumbi la mawe lenye silika. Vumbi hilo hutia makovu mapafuni, makovu hayo hayaponi, na yanakirahisishia kifua kikuu kazi. Mchimbaji akikohoa wiki tatu akapata dawa ya kumnyamazisha, atalala usingizi mzuri. Ugonjwa hautalala, na wenzake anaobanana nao kambini wataendelea kuvuta hewa yake. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinadai kipimo cha makohozi kabla ya sirapu yoyote. Kipimo hicho ni bure, na matibabu ya kifua kikuu ni bure pia.

Yupo pia mama wa makamo anayekohoa kikavu usiku kucha, hana homa wala makohozi. Chanzo kinaweza kuwa dawa yake ya presha: kaptoprili, enalaprili na jamaa zao hujulikana kwa kuleta kikohozi cha namna hii. Kumwongezea dawa ya pili ni kumrundikia kemikali bure. Daktari akimbadilishia ile ya kwanza, kikohozi huisha chenyewe, ingawa huweza kuchukua wiki kadhaa. Asiiache mwenyewe bila kumwona daktari.

Kwa mafua ya kawaida, kijiko cha asali ya Manyoni hutuliza koo vizuri, na ushahidi wa sirapu nyingi kuishinda asali ni hafifu kuliko matangazo yake. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wenye maduka ya dawa muhimu. Kabla hamjafungua kabati, muulizeni mteja: kikohozi kina muda gani, kinatoa makohozi au damu, anafanya kazi gani, anatumia dawa gani nyingine, na atakayekunywa ni nani. Majibu ya maswali haya yaandikwe daftarini pamoja na jina la dawa, ili mteja akirudi wiki ijayo akiwa bado anakohoa, atakayempokea aone haraka kwamba anapaswa kumwandikia rufaa ya kwenda kituo cha afya.