MSHAHARA NI ZAIDI YA FEDHA ZA MWISHO WA MWEZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumewekewa mbele yetu rasimu ya azimio yenye sentensi moja tu, kwamba chama kidai kima kimoja cha mshahara kwa kila mfanyakazi wa Unguja na Pemba. Hatukusimama hapa kulipinga azimio hilo. Tumesimama kuomba lisipitishwe likiwa uchi, kwani anayedai tarakimu peke yake anaweza kupewa tarakimu hiyo kwa mkono wa kulia, akanyang'anywa mara mbili yake kwa mkono wa kushoto.

Mfano tuliouchagua ni wa mbali kidogo, nao ni wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Tukitaja mfano wa hapa kwetu, kila mmoja atamkumbuka jamaa yake, na ghadhabu zitapanda kabla ya hesabu kwisha. Tena nchi ile, kwa muda wa miaka kama 80, imeona karibu kila namna ya ujira ambayo binadamu amewahi kulipwa.

Wazee mwaikumbuka khabari ya karanga. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika zipandwe karanga. Kazi ilianza mwaka 1947, ikahusu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Likajengwa gati la Mtwara, ikatandikwa reli mpaka Nachingwea, yakaletwa matrekta. Mnamo Januari 1951 serikali ile ile ikatangaza kuwa mpango umekwisha, na kiasi cha paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa.

Watu wengi hucheka wakifika hapo. Lakini sisi tutazame ujira. Kambi za Nachingwea zilipofunguliwa, vibarua waliyaacha mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani wakaenda huko, na wenye mkonge wakalalamika kwa serikali. Kwa nini walihama? Kwa sababu mtu alipata pa kuchagua. Na wakulima wa vijiji vya jirani, ambao hawakuandikwa kazi na mtu yeyote, walipata soko la nafaka na mihogo yao kwa wale waliokuwa wakifyeka msitu. Bwana mmoja akipungukiwa na watu, hulazimika kuwasikiliza. Jambo hilo makuli wa Dar es Salaam walilifahamu mwaka 1947 walipogoma, na makuli wa Unguja wakalifahamu mwaka 1948, mgomo wao ukausimamisha mji mzima.

Kwa upande wa pili, Mzungu aliyeajiriwa kwa mpango ule hakuja kwa mshahara mtupu. Alipewa nyumba, nauli ya meli, likizo ya kurudi kwao, matibabu. Na kule Kongwa watoto wa Wazungu walifunguliwa shule yao. Mtu mweusi alipewa posho na kitanda cha kambini. Hata katika utumishi wa serikali, Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye elimu na kazi sawa na ya Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wake. Kanuni hiyo iliondolewa baada ya ripoti ya Lidbury ya mwaka 1954. Ilikuwa dhulma, lakini angalau ilikuwa dhulma iliyoandikwa, mtu aliweza kuisoma na kuipigia kelele. Tofauti za nyumba, nauli na matibabu hazikuonekana katika karatasi ya mshahara hata kidogo, na hizo ndizo zilizodumu.

Sasa tuje katika siku zetu. Tuwatazame watu wa wilaya mbili zile.

Wa kwanza ni mhudumu wa ofisi ya serikali mjini Nachingwea, wa ngazi ya chini kabisa. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa serikali ya Muungano ni shilingi 500,000. Kwanza tutoe. Asilimia 5 ya mfuko wa pensheni ni 25,000. Asilimia 3 ya bima ya afya ni 15,000. Kodi, kwa kuwa 270,000 za mwanzo hazitozwi na zinazofuata hutozwa asilimia 8, ni 16,400. Akiwa katika chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, 10,000 nyingine. Mkononi anabakiwa na 433,600. Basi atalia, na ana haki ya kulia. Lakini tuongeze pia. Mwajiri anamwekea asilimia 15 katika pensheni, yaani 75,000, na asilimia 3 ya bima, 15,000. Kwa hiyo kazi ile ina thamani ya 590,000, kabla hatujahesabu siku 28 za likizo ambazo analipwa akiwa amepumzika kwao.

Wa pili ni mchimbaji. Ruangwa ina madini ya kinywe, na mgodi umefunguliwa Matambalale. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 500,000 kwa migodi yenye leseni kubwa, na 300,000 kwa yenye leseni ndogo. Amri hiyo hiyo iliweka 140,000 kwa kibarua wa shamba, na 60,000 kwa mtumishi wa nyumbani anayelala kwa bwana wake. Kuanzia Januari 2026 imekuja amri nyingine, ikapandisha wastani wa sekta binafsi kwa asilimia 33.4. Lakini mwuliznieni mchimbaji mkataba wake ni wa muda gani. Wa mwaka mmoja? Akiachishwa na mwajiri, sheria inampa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, wala haihesabu zaidi ya miaka 10; lakini mkataba ukiisha kwa muda wake, haimpi hata hicho. Mhudumu wa ofisi ana miaka 30 mbele yake. Mchimbaji ana mpaka Desemba. Hao wawili walikuwa na tarakimu moja, hawakuwa na ujira mmoja.

(Na yule mtumishi wa nyumbani wa 60,000: wali na godoro lake vimetiwa katika hesabu bila ya yeye kuulizwa bei yake. Akina mama, hilo tulizungumze siku yake.)

Wa tatu ni mkulima wa korosho, na huyu ndiye anayetushughulisha khasa. Tuseme amevuna kilo 1,000. Mwaka 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Hizo ni 3,300,000. Tukizigawa kwa miezi 12, ni 275,000 kwa mwezi, kabla ya salfa, palizi, magunia na makato ya chama cha msingi. Na msimu ule wengi walingoja malipo mpaka mwaka uliofuata. Mwenye mshahara akicheleweshewa siku kumi, hupiga kelele. Mkulima akicheleweshewa miezi, humwendea mtu wa kangomba, akauza korosho ikali mtini kwa bei ya kutupa. Hana bima, hana likizo, na akivunjika mguu hakuna mfuko wa fidia. Mnamo Oktoba 2024 minada ya kusini ilipita shilingi 4,000, na mwaka kama huo mkulima humcheka mhudumu wa ofisi. Isitoshe anacho kitu ambacho wale wawili hawana: mkorosho hurithiwa, na ajira hairithiwi.

Dereva wa bodaboda hatumweki mbali. Kila jioni anampa mwenye pikipiki hesabu yake, apate abiria asipate.

Ndugu wanachama, sheria tulizozitaja ni za Bara. Kwetu iko Sheria ya Ajira Nam. 11 ya mwaka 2005, na mfuko wetu ni ZSSF. Mwaka 2022 kima cha watumishi wa serikali ya Zanzibar kilipandishwa kutoka 300,000 kufika 347,000, na hapo hapo mjadala wetu wote ukawa juu ya zile 47,000. Hatukumsikia hata mmoja katika baraza akiuliza mvuvi, mkulima wa mwani na mchuma karafuu wanahesabiwa wapi.

Kwa hivyo tunapendekeza rasimu ibaki, na chini ya sentensi yake zitiwe nyingine tatu. Kwamba michango ya mwajiri katika mfuko na matibabu itajwe pamoja na mshahara. Kwamba muda wa mkataba uandikwe. Na kwamba asiyekuwa na mwajiri awekewe njia ya kuchangia mfuko kwa msimu, fedha zinapoingia, si kwa mwezi. Katibu anazo nakala. Zisomwe usiku huu, na kura ipigwe kesho baada ya Alasiri.