Kufunga Faili kwa Nywila: Mazungumzo na Wasimamizi wa Wadi



Naanza kwa kukiri. Mwaka uliopita nilienda saiba kuchapisha orodha ya waombaji wa basari. Nikalipa, nikaondoka, flashi ikabaki kwenye mashine. Mlikuwa na majina ya wanafunzi, nambari za vitambulisho vya wazazi, nambari za simu, na safu inayoonyesha nani ni yatima. Nilirudi asubuhi nikaipata, ila hadi leo sijui nani aliifungua. Faili haikuwa na nywila.

Mtaniambia kompyuta yenu ina nywila ya kuingilia. Hiyo ni ya mlangoni tu. Faili ikihamia kwenye flashi, nywila hiyo haiifuati. Inafaa tusimbe faili yenyewe, yaani tuivuruge kiasi kwamba asiye na nywila haambulii neno.

Kwa faili moja ya Excel, bofya File, kisha Info, kisha Protect Workbook, uchague Encrypt with Password. Kwenye Word utaona Protect Document. Andika nywila mara mbili, hifadhi, basi. Lakini msichanganye na Protect Sheet iliyo papo hapo. Hiyo humzuia mtu kubadilisha. Kusoma anasoma yote. Wengi huichagua wakadhani wamemaliza kazi.

Folda nzima inahitaji programu kama 7-Zip, ambayo ni ya bure. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Add to archive, muundo uwe 7z, weka nywila, na utie tiki kwenye Encrypt file names, kwa sababu jina la faili peke yake laweza kutoa siri. Hapa ndipo watu huteleza: programu hutengeneza nakala iliyofungwa, na folda ya awali inabaki palepale, wazi kabisa. Hakikisha kwanza nakala inafunguka, kisha ufute ile ya awali na kumwaga kapu la taka.

Nywila iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana yanatosha. Usiitume kwenye baruapepe ileile iliyobeba faili, piga simu. Na ukiisahau, usinijie wala usiwaendee watu wa teknolojia, hatuna la kufanya. Iandikeni, mwitie kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye sefu ya ofisi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua kwamba data imevuja na wenyewe wako hatarini. Data ikiwa ilikuwa imesimbwa ipasavyo, sheria hiyo inaweza kutuondolea mzigo wa kumjulisha kila mzazi.

Kompyuta za pale nyuma zimewashwa. Kila mmoja afungue faili ya majaribio, tuanze na Excel.